Mbwa Mkali, au Msasi Mkali?

Katika miji ya Migori na Homa Bay, kama kwingineko nchini Kenya, malango mengi yana kibao chenye maneno mawili: "Mbwa Kali". Mwanafunzi wa sarufi hawezi kukipita kibao hicho bila kutabasamu. Mbwa ni kiumbe hai, nomino yake imo katika ngeli ya A-WA, na upatanisho sahihi ni mbwa mkali, mbwa wakali. Umbo "kali" tunalitumia kwa vitu: dawa kali, jua kali, sheria kali. Kosa lenyewe ni dogo, lakini limebeba fikra nzito. Mbwa amevuliwa uhai wake akafanywa kifaa cha kutishia watu, mfano wa seng'enge. Tena amehukumiwa kabla hajamng'ata yeyote. Pengine hata kabla hajapatikana, maana yapo malango yenye kibao yasiyo na mbwa.

Makala haya yanatetea hoja moja: tunapoulaumu ukali wa mbwa au wa aina yake, tunamwondolea lawama binadamu anayestahili kuibeba. Mfano ulio wazi ni pitibuli, yule mbwa wa kifua kipana na taya nene ambaye wengi wetu tumemjua kupitia filamu na simu kuliko kwa kumwona ana kwa ana.

Sifa mbaya ya pitibuli ina historia yake. Asili yake ni Uingereza, ambako mbwa walichochewa kumshambulia fahali aliyefungwa huku watu wakishangilia na kucheza kamari. Mchezo huo ulipopigwa marufuku mwaka 1835, wapenzi wake waligeukia kupiganisha mbwa kwa mbwa, wakazalisha mbwa chotara mwenye nguvu na wepesi. Baadaye wahamiaji walimpeleka Marekani. Mwaka 1991 Uingereza ilipitisha sheria iliyomweka pitibuli miongoni mwa mbwa waliopigwa marufuku. Yaani waliomfinyanga ndio waliomhukumu.

Je, ushahidi unasemaje? Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulibaini kwamba aina ya mbwa hueleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Aidha, mwaka 2007 pitibuli karibu 50 walichukuliwa kutoka kwa mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, Michael Vick, aliyepatikana na hatia ya kuhusika katika mapigano ya mbwa. Wapo waliotaka mbwa hao wauawe. Hata hivyo, wengi wao walipata makao mapya, na baadhi wakafunzwa kuwaliwaza wagonjwa.

Waama, wahenga wetu walikwisha kulisema hili: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Methali hiyo haitaji aina ya mbwa. Inaanza na mbwa, lakini mzigo inamtwika msasi. Mbwa anayefungwa mnyororo tangu uchangani, akapigwa na kunyimwa chakula ili "awe mkali", na asizoeshwe watu katika wiki zake za mwanzo, yuko karibu na kung'ata, awe pitibuli au mbwa wa kienyeji.

Nafahamu kuna watakaopinga kwamba pitibuli ana nguvu nyingi, na aking'ata jeraha huwa baya. Ni kweli. Lakini nguvu si nia. Nguvu hiyo ni sababu ya kumdai mwenyewe ua imara, mafunzo na uangalifu zaidi. Si sababu ya kumhukumu mbwa kwa umbo lake.

Jambo hili si la mzaha, kwa kuwa woga ulioelekezwa pasipo huua. Hatari kubwa kwa mtoto wa Rongo au Mbita si pitibuli, bali ni mbwa yeyote asiyechanjwa. Ugonjwa tunaouita "kichaa cha mbwa", jina ambalo pia linambebesha mbwa lawama, hukadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza, kupona ni nadra mno. Mkakati wa kitaifa uliozinduliwa nchini Kenya mwaka 2014 unalenga kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Virusi havichagui aina. Anayepima hatari kwa umbo atamkimbia pitibuli aliyechanjwa, kisha ampapase mbwa mpole wa jirani ambaye hajawahi kuchanjwa. Aliyeumwa anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja.

Sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna wajibu hapa, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yetu. Tusikiapo kwamba mbwa fulani ni mkali, tuulize: alilelewa na nani? Nani hakumchanja? Na anayetaka kuweka kibao langoni, pamoja na kurekebisha upatanisho, na aandike tarehe ya chanjo. Hiyo ndiyo habari itakayomfaa jirani.