Wageni katika albamu ya Alikiba
Ndugu mwandishi, nimeisoma makala yako kwa utulivu, na mengi uliyonena juu ya Only One King ya Alikiba, iliyotoka tarehe 7 Oktoba 2021 ikiwa na nyimbo 16, nayakubali. Ila hapo uliposema kwamba wageni kama Sauti Sol wa Kenya, Sarkodie wa Ghana na Mayorkun wa Nigeria wameipunguzia albamu hiyo nafsi yake, naomba kukukhalifu, maana mwenye nyumba anaweza kuwakirimu wageni tele na sauti yake ikabaki ndiyo inayotawala barazani. Mimi ni mtu wa Lyulilo, kando ya Ziwa Nyasa, na zama zile za Cinderella, albamu ya Alikiba ya mwaka 2007, kanda yake ilitufikia baada ya majuma kadhaa, ikapigwa kwa redio ya betri siku ya Jumamosi, siku ya gulio, na akina mama wa Kikisi waliokuwa wakiteremsha vyungu mitumbwini wakainua vichwa kusikiliza. Tukaurudia upande wa kwanza na wa pili hata utepe ukalegea. Nawe ndugu uliyetangulia kuchangia hapo juu, usemaye kwamba albamu zimepitwa na wakati, nakwambia kwa taadhima: hii ya 2021 ilinifikia simuni papa hapa ziwani bila kungoja gari la Kyela, vijana wangu wakadonoa wimbo mmojammoja, lakini mimi niliisikiliza yote kwa mpangilio alioukusudia mwenyewe, na wageni wale walipokwisha kupita nikayasikia mahadhi yaleyale ya kanda yetu.