Nyimbo za Zamani ni Amana

Katika zama hizi ambapo kijana aweza kusikiliza wimbo wa pembe yoyote ya dunia kwa simu iliyomo mfukoni mwake, imekuwa desturi kuwasikia watu wazima wakisikitika kwamba muziki umepoteza ladha, na kwamba vijana wa zamani ndio waliojua kusikiliza. Masikitiko hayo tunayasikia vibarazani, katika mabasi na hata kwenye kumbi za arusi. Tunaona inafaa yapembuliwe, ili mchele ubaki na pumba zipeperuke.

Ni kweli kwamba vijana wa miaka ya 1970 walisikiliza kwa namna nyingine. Huku Bara, Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1965, ndiyo iliyokuwa redio ya taifa, na televisheni haikuanza mpaka mwaka 1994. Redio ya nyumbani ilikuwa mali ya baba, na betri zilipochoka zilianikwa juani zipate uhai wa siku mbili tatu. Kijana aliyependa wimbo alingoja upigwe. Usipopigwa, alilala nao moyoni. Alikaa na daftari na kalamu, akaandika ubeti leo na mwingine juma lijalo, mpaka wimbo ukatimia. Wengine walituma kadi za salamu, wakatega masikio siku nyingi wasikie majina yao. Kaseti zilipoenea, mwenye redio kaseti alitafutwa mtaa mzima, na penseli ikawa chombo cha kurudishia utepe.

Pamoja na hayo, si vema kuipamba dhiki ikaonekana neema. Watu walisikiliza pamoja kwa kuwa redio ilikuwa moja, na walingoja kwa kuwa hawakuwa na hiari. Tena walikuwapo waliowaamulia. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam. Mjadala mkali ukazuka magazetini, na amri hiyo haikuwatoa vijana mapenzi yao. Kumlaumu kijana wa leo kwa kuwa anao uchaguzi ambao babu yake hakuupata, si haki.

Lakini liko jambo linalostahili masikitiko, nalo halimhusu kijana hata kidogo. Santuri za bendi zetu zilifyatuliwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, njia hiyo ikawa nyembamba. Nyimbo nyingi zilirekodiwa katika studio za Redio Tanzania, zikahifadhiwa katika kanda. Humo ndimo zilimo sauti za NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, za Vijana Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz. Humo yumo Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyepiga gitaa katika maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, na kufariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979.

Urithi huo sasa uko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Utepe wa kanda si jiwe. Joto huudhoofisha, unyevunyevu wa pwani huuozesha, na kila mwaka unaopita huongeza uchakavu. Wimbo ambao mtunzi wake amekwisha kuzikwa, na ambao nakala yake ni moja tu, ukipotea hauna atakayeurudisha.

Pia kuna suala la haki. Wengi wa wanamuziki wale waliajiriwa na vyama na taasisi. Ala hazikuwa zao, na malipo yao yalikuwa mshahara tu, ilhali nyimbo zao zilipigwa redioni mwaka hata mwaka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuja wakati baadhi yao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Leo nyimbo zile zile zimesambaa katika intaneti, mara nyingi bila jina la mtunzi, na mtu ambaye hakutunga hata ubeti mmoja aweza kujipatia fedha kwazo. Huo hauwi ukumbusho. Ni dhuluma iliyovikwa nguo ya ukumbusho.

Kwa hiyo tunatoa wito. Kwanza, kila kanda inakiliwe kwa mitambo ya kisasa kabla haijaharibika, na kazi hiyo itengewe fungu lake la fedha badala ya kungoja hisani ya wageni. Pili, kila wimbo uandikwe jina la mtunzi na waimbaji wake, maadamu wangalipo wazee wanaowakumbuka. Tatu, warithi watafutwe, walipwe haki yao kwa kila wimbo unaoingiza fedha.

Nao wananchi wenye santuri, kaseti na madaftari ya nyimbo makabatini wasiyaache kuliwa na mchwa. Wayatoe, wawaeleze watoto wao nani aliimba na kwa nini. Kijana asiyeujua wimbo hana kosa ikiwa hakuna aliyempa ausikie. Mwenye amana ndiye mwenye wajibu wa kuifikisha, na siku za kuifikisha zinazidi kupungua.