Mshahara Upimwe kwa Gunia la Unga



Mtu akiniuliza kama mshahara wa Lubumbashi unatosha, simjibu kwa franka. Mimi ni karani, naandika hesabu kutwa, tena najua hesabu ya karatasi haishibishi mtoto. Namwuliza: unakununulia magunia mangapi ya unga? (Nyumbani mke wangu ndiye mwenye kupima, na hesabu yake ni kali kuliko ya ofisi.)

Wakati wa Union Minière mchimbaji alipewa posho, nyumba na dawa. Franka zenyewe zilikuwa kidogo mno. Ndiyo maana Desemba 1941, bei zilipopanda kwa ajili ya vita, wafanyakazi waligoma, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi katika uwanja wa mpira hapa mjini. Walikufa makumi. Hao hawakuomba anasa.

Leo mwenye kulipwa fedha tupu hujinunulia yote: bukari, makala, dawa, masomo ya watoto. Nyumba inahesabiwa kwa dola, na mwenye nyumba anataka garanti ya miezi kabla hujaingiza hata kitanda. Unga wetu mwingi hutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Wao wakiuzuia, bei inaruka, mshahara unabaki palepale.

Mabwana husema: tumeongeza. Mmeongeza juu ya nini? Siku ya kupanga mshahara, bei ya gunia na kodi ya nyumba ziwekwe mezani kwanza, ndipo tuzungumze.