Fedha ya Mchezo Hutoka Mfukoni mwa Nani?

Mwezi huu tumeona tuzungumze jambo ambalo baadhi yenu mmetuuliza baada ya ibada. Kijana yuko na simu mchana kutwa, na ukimgombeza anajibu kwamba hachezi, anafanya kazi. Anasema katika mchezo wake kuna silaha, mavazi au wanyama ambao watu wananunua kwa fedha halisi. Na mara nyingine kweli fedha inaingia. Mama akiona shilingi elfu ishirini kwenye simu, tena katikati ya mwezi, hajui kama amkataze au amshukuru.

Tusimcheke kijana. Biashara hiyo ipo, na si ya jana. Mchezo wa EverQuest ulipotoka Marekani mwaka 1999, haukupita muda mrefu watu wakaanza kuuziana panga na fedha za mchezoni kwa dola, kwenye mnada wa eBay. Tunachotaka mama ajue kuuliza ni hiki: huyo anayenunua ni nani, na ananunua ili afanyie nini?

Waliolijua jibu kwa machungu ni ndugu zetu wa Ufilipino. Ni nchi ya Wakristo wengi, na familia zake zinahangaikia ada na mchele kama tunavyohangaika sisi. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipofunga maduka na kusimamisha magari, watu wengi huko walibaki bila kazi. Wakasikia habari za mchezo uitwao Axie Infinity, uliotengenezwa na kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam. Mchezaji anakuwa na wanyama watatu wa kubuni na kuwapiganisha na wa wenzake. Wakati huo akishinda alipewa vichupa vya dawa ya mapenzi (jina hilo wamelitoa wao, si sisi), kwa kifupi SLP, na vichupa hivyo viliuzwa kwa fedha.

Fedha yenyewe haikuwa ndogo. Mwezi Julai 2021 kichupa kimoja kilipita senti 30 za dola. Aliyekusanya vichupa 100 alikuwa na zaidi ya dola 30, wakati mshahara wa chini wa kutwa jijini Manila ulikuwa peso 537, yaani kama dola 11. Mama gani asingemwamsha mwanawe acheze? Akina mama wenyewe walicheza, hata mabibi. Mwaka huo wachezaji walipita milioni 2 kwa siku duniani kote, na Wafilipino walikuwa sehemu kubwa yao.

Lakini wanyama watatu wa kuanzia walinunuliwa, na bei yake ilifika mamia ya dola. Wapo waliokopa. Wasioweza kukopa waliazimwa wanyama na mtu aliyeitwa meneja, wakawa wanamgawia sehemu ya mapato. Watu wa shamba wanaijua sana habari hiyo ya kulima shamba la mwenyewe na kugawana mavuno.

Sasa tuje kwa mnunuzi. Dawa ile kazi yake kubwa ilikuwa kuzalisha wanyama wengine, nao waliuzwa kwa watu wapya wanaotaka kuanza. Fikiria kijiji ambacho kila mtu anafuga kuku ili amuuzie vifaranga jirani, na jirani naye anafuga ili amuuzie jirani yake, wala hakuna anayechinja wala anayekula yai. Siku jirani wapya wanapokwisha, banda limejaa na hakuna mteja. Ndivyo ilivyokuwa. Kila mshindi alitengenezewa vichupa vipya, vikazidi mno, na wageni wakapungua. Kufikia katikati ya mwaka 2022 kichupa hakikufika hata senti 1. Vichupa 100 havikununua tena kilo mbili za mchele, na mkopo ulikuwa palepale.

Wengi wetu tunaikumbuka DECI, iliyosimamishwa hapa Tanzania mwaka 2009, jinsi tulivyoambiwa tupande mbegu tuvune. Hatusemi mambo haya mawili ni kitu kimoja. Mchezo ule ulikuwa mchezo kweli, na ungalipo. Ila machozi ya yule aliyeingia mwisho yanafanana.

Kuna na jambo la mwenye mali. Februari 2022 kampuni iliondoa malipo yaliyokuwa yakitolewa kwa baadhi ya kazi za kila siku za mchezoni. Yakobo alilalamika kwamba Labani amembadilishia ujira mara kumi, lakini yeye angalau aliondoka na kondoo wanaolia. Mwezi uliofuata wezi wa mtandao waliiba mali ya zaidi ya dola milioni 600 iliyohifadhiwa katika mfumo wa mchezo huo, na wapelelezi wa Marekani walisema ni kundi la Korea Kaskazini. Njia ya kutolea fedha ilifungwa mpaka mwishoni mwa Juni. Kampuni iliahidi kuwafidia waliopoteza, lakini miezi mitatu kwa anayelipa kodi ya nyumba ni mingi.

Hapa kwetu watoto wengi wanacheza Free Fire, na wanachouziana mara nyingi ni akaunti nzima, yaani jina na neno la siri. Kanuni za mchezo zinakataza, kwa hiyo akaunti inaweza kufungwa siku yoyote. Tena muuzaji asiye mwaminifu hubaki na barua pepe aliyojiandikishia, na kesho yake anairudisha akaunti mikononi mwake. Aliyelipa hana pa kushtaki. Mwanao anaweza kuwa yule aliyelipa, na anaweza pia kuwa yule aliyeuza.

Kumbuka, mama, laini mnayopokelea fedha imesajiliwa kwa alama ya kidole chako. Fedha ya mtu aliyeibiwa ikipita hapo, atakayeulizwa ni wewe. Kaa na kijana akuonyeshe anauza nini, kwa nani. Asiweke mtaji wa ada wala wa mkopo wa kikoba. Saa za usiku simu ilale chumbani kwako. Sisi wa zamu za usiku tunajua mwili unavyodai usingizi wake. Na kama kuna mtu anayejiita meneja wake, ampigie simu mbele yako, uisikie sauti yake.