Mafuriko ya Rufiji: Nani Alipe?

Kila mara Mto Rufiji ufurikapo, husikika sauti mbili. Ya kwanza husema: maskini watu wale, wapelekewe unga na mablanketi. Ya pili husema: wakaidi watu wale, mbona hawahami bondeni? Sisi twaona kwamba sauti zote mbili zimepotea njia. Ya kwanza yamfanya mkulima wa Rufiji kuwa mwombaji, na ya pili yamfanya kuwa mjinga. Naye si mwombaji wala si mjinga.

Wengi wetu tukaao mijini hatuujui mto huu. Maji yake hutoka katika bonde lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, yaani karibu sehemu moja katika tano ya Tanzania Bara. Mvua inyeshayo Mbeya, Iringa na Ifakara hushuka kwa njia ya Ruaha Mkuu na Kilombero, kisha huenea katika tambarare za Utete, Ikwiriri na Muhoro kabla ya kuingia baharini. Basi mtu wa Rufiji aweza kuamka asubuhi, mbingu ni nyeupe, wala tone la mvua halikudondoka kijijini kwake, akakuta maji yamo mlangoni.

Lakini maji hayo hayo ndiyo mbolea yake. Hushuka na matope yenye rutuba, na yapunguapo, mkulima hupanda mahindi na kunde katika unyevu uliobaki. Kilimo hicho wenyewe hukiita mlau. Wazee walijenga madungu, yaani vibanda juu ya nguzo ndefu, wakalala humo kulinda shamba dhidi ya wanyama huku maji yakipita chini. Walijua jambo ambalo wachoraji wengi wa ramani hawalijui, kwamba mahali pa kulima na mahali pa kuweka maskani si lazima pawe pamoja.

Mwaka 1968 palitokea mafuriko makubwa, na Serikali ikawahamisha wakazi wa bondeni kwenda katika vijiji vya nchi ya juu. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa njema, maana katika kijiji yawezekana kujenga shule, zahanati na kisima. Lakini watu walihamishwa, shamba halikuhamishika. Wengi wakawa wanakwenda mwendo mrefu kurudi kulima mlau, na baadhi wakarudi kukaa huko huko. Yakaja mafuriko ya 1974, na ya 1998, na ya 2024. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini, na zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathirika. Rufiji na Kibiti zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana.

Tena limeingia jambo jipya. Juu ya tambarare hizi limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya kutoa megawati 2,115 za umeme. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024. Mafuriko ya mwaka ule yalipofika, ubishi ulizuka. Wako waliosema kwamba maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowaangamiza. Serikali ikajibu kwamba mvua zilikuwa zimepita kiasi, na kwamba bila ya bwawa hali ingalikuwa mbaya zaidi. Hatukusudii kuamua shauri hilo hapa. Twasema tu kwamba mto sasa una lango, na ufunguo wa lango hilo hauko mikononi mwa mkulima.

Umeme wa bwawa lile huingia katika gridi ya taifa. Huendesha mashine za viwanda vyetu, huwasha taa za hospitali, na huvuta treni iendayo Dodoma. Faida yake imegawanywa nchi nzima, lakini hatari imebaki kwa watu wa chini ya mto. Bwawa likizuia mafuriko madogo, matope yenye rutuba hupungua mashambani. Kadhalika watu huliona bonde limetulia, wakajenga karibu zaidi na maji. Siku mvua kubwa inyeshapo na bwawa limekwisha jaa, hasara huweza kuwa kubwa kuliko ya zamani.

Hapo ndipo tuletapo neno bima. Bima si jambo geni kwetu. Chama cha kuzikana ni bima: wote hutoa kidogo kidogo, na afiwaye husaidiwa. Lakini mafuriko yana ugumu wake. Mto hauchagui nyumba moja, huchukua kijiji kizima kwa siku moja. Chama ambacho wanachama wake wote wamefiwa siku moja kitamsaidia nani? Nayo kampuni ya bima, ikiona mteja akaa penye maji, ama humkataa, ama humtoza ada asiyoweza kuilipa. Kwa hiyo bima ya mafuriko haiwezi kusimama isipokuwa mfuko wake uwe mpana kuliko bonde lenyewe.

Wamarekani walilitambua jambo hili mwaka ule ule wa 1968, wakatunga sheria ya bima ya mafuriko chini ya serikali yao. Walichora ramani za maeneo ya hatari, na mwaka 1973 wakaweka sharti kwamba akopaye benki kwa nyumba iliyomo ndani ya maeneo hayo akate bima. Yafaa tujifunze mema yao na makosa yao pia. Mfuko ule ulizilipia nyumba zile zile, mahali pale pale, mara kwa mara, hata ukaingia deni la zaidi ya dola bilioni 20. Na ramani zao zimewadanganya wengi. Husema “mafuriko ya miaka mia”, na mtu hudhani kwamba atazeeka kabla hayajafika. Maana yake hasa ni kwamba kila mwaka ipo nafasi moja katika mia. Na kwa mtu akaaye pale miaka 30, ni zaidi ya nafasi moja katika nne. Tena Julai 2025, katika kaunti ya mashambani ya Kerr, huko Texas, Mto Guadalupe ulipanda ghafla usiku, ukaua watu zaidi ya 100. Ramani na bima haziwezi kushika mahali pa mbiu ya hatari.

Karibu nasi zaidi, nchi ya Kenya ilianza mwaka 2015 bima ya mifugo katika Turkana na Wajir. Serikali iliwalipia wafugaji ada, na fidia ilitolewa pale setilaiti zilipoonyesha kwamba malisho yamekauka, pasipo mkaguzi kwenda kuhesabu mizoga. Kama malisho yaweza kupimwa hivyo, kimo cha mto chaweza kupimwa kwa urahisi zaidi.

Basi twatoa shauri letu. Kwanza, ramani ya hatari isikae ofisini. Kila kijiji kisimikiwe nguzo zenye alama za kimo cha maji ya miaka iliyopita, na sehemu ya kulima itengwe na sehemu ya kujenga. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za ukingo wa mto. Lakini katika tambarare ambayo maji huenea kilomita nyingi, mita 60 ni kitu kidogo sana.

Pili, iwekwe bima ya kipimo. Mto ukipita alama iliyokubaliwa, kila mkulima aliyeandikishwa alipwe mara moja, apate mbegu ya mlau kabla unyevu haujakauka.

Tatu, ada ya bima hiyo itoke katika mapato ya umeme wa bwawa, naye mkulima achangie kidogo ili awe mwanachama mwenye haki, asiwe mpewa sadaka.

Nne, utaratibu wa kufungua maji utangazwe wazi, na mbiu ifike kila kijiji mapema, kwa redio, kwa simu na kwa mjumbe.

Yuko atakayesema kwamba bima itawafanya watu wazembe, waendelee kujenga penye maji. Hofu hiyo ina haki. Ndiyo maana twasema kwamba aliyepewa kiwanja chema katika nchi ya juu, kisha akajenga tena nyumba ya kudumu bondeni, alipwe kwa mazao yake lakini asilipwe kwa nyumba ile mara ya pili. Yuko na mfanyakazi atakayesema: mshahara wangu ni mdogo, mbona nami nimlipie mtu wa Muhoro? Twamjibu kwamba amekwisha kumlipia. Mahema, unga, madaraja yaliyovunjika na mchele uliopanda bei sokoni, vyote hulipwa na sisi sote, tena kwa gharama kubwa na kwa kuchelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mkulima wa Rufiji hakuombwa idhini yake iwapo mto ufungwe au ufunguliwe. Kwa kuwa sote twautumia umeme ule, haki ni kwamba tushirikiane naye katika hasara kama tunavyoshirikiana katika faida. Jambo hili lijadiliwe matawini, katika vyama vya wafanyakazi na Bungeni, na lijadiliwe kabla ya mvua za masika zijazo.