Ada ilipwe, mazoezi yabaki wazi

Wapo wadau hapa Makorora wanaotaka mazoezi ya Coastal Union yaangaliwe na wanachama waliolipia kadi tu. Nawaelewa, timu haiendeshwi kwa maneno ya kijiweni. Lakini kwa hili nakataa. Mwanachama hai tayari ana chake: anapiga kura mkutano mkuu, anachagua viongozi. Hapo asiguswe. Na siku ya mechi Mkwakwani kila mtu akate tiketi, hakuna cha mjomba. Ila dogo anayechungulia mazoezi akitoka shule, hela ya kadi aitoe wapi? Ubingwa wa 1988 kausikia kwa babu yake tu. Mkimfukuza getini ataishia kibanda umiza kuangalia Simba na Yanga, na jezi atakayoomba Idi haitakuwa ya Wagosi wa Kaya.