Asabia Katika Nyimbo: Kisa cha Béla Bartók

Wako watu wanaoamini kwamba nyimbo za wazee ni mali ya damu. Husema: wimbo huu ni wa kabila letu, umetoka katika mifupa yetu, na jirani akionekana na mfano wake basi ameuiba kwetu. Maneno haya husemwa Ulaya, husemwa Uarabuni, na sisi wa pwani twayasikia kila watu wanapobishana kama kasida fulani ni ya Kiarabu au ya Kiswahili. Nami nasema ni maneno ya uongo, na shahidi nimletaye leo si mwanachuoni wetu wala si Muislamu. Ni Mhungari mmoja, mtunzi wa muziki, jina lake Béla Bartók.

Huenda ndugu msomaji akauliza: sheikh ana nini na mtunzi wa muziki? Hukumu ya ala za muziki ina mlango wake katika vitabu vya fikihi, na mlango huo leo sikuufungua. Nazungumzia uaminifu wa mtu katika kunakili, na hilo ni somo la madrasa tangu siku ya kwanza.

Bartók alizaliwa mwaka 1881 katika mji wa Nagyszentmiklós, uliokuwa Hungaria siku hizo na leo uko Romania. Ujanani alikuwa shabiki mkubwa wa taifa lake. Mwaka 1903 alitunga muziki wa kumsifu Kossuth, kiongozi wa Wahungari waliopigana na utawala wa Austria mwaka 1848 na 1849. Lau angalikufa wakati ule, wapeperusha bendera wangalimtaja mpaka leo kuwa ni mtu wao.

Lakini mwaka 1904, akiwa mashambani, alimsikia yaya mmoja, Lidi Dósa, aliyetoka Transylvania, akiimba nyimbo za kwao. Bartók akashtuka. Ule muziki uliokuwa ukipigwa na bendi za Kijipsi katika mikahawa ya Budapest, na watu wa mjini wakiuita muziki wa asili wa Wahungari, haukufanana na huu. Sehemu kubwa ya ule wa mjini ulitungwa katika karne ya 19 na watu wanaojulikana. Basi yeye na mwenziwe Zoltán Kodály wakashika njia ya vijijini na fonografu ya Edison, chombo kinachonasa sauti juu ya silinda ya nta.

Sasa tazama alivyofanya kazi yake. Aliandika wimbo umeimbwa na nani, ana umri gani, katika kijiji gani, mwaka gani. Akirudi nyumbani huisikiliza silinda tena na tena, akaandika kila mkunjo wa sauti kama ulivyo. Waimbaji wawili wakihitalifiana katika wimbo mmoja, huziandika riwaya zote mbili, hamsahihishi mkulima ili wimbo upendeze masikio ya watu wa mjini. Sisi tuliosomeshwa Hadithi jambo hili twalijua kwa jina lake: ni sanad.

Na sanad hiyo ndiyo iliyomtoa katika asabia. Ufalme wa Hungaria siku hizo ulikuwa na Waslovakia na Waromania wengi. Tangu 1906 Bartók akawaendea Waslovakia, na baada yao Waromania. Nyimbo za Waromania alizozikusanya zilipita 3,000, nyingi kuliko za Wahungari alizozikusanya mwenyewe. Alipozipanga pamoja akaona wazi kwamba sauti zilikuwa zimevuka mipaka kutoka kijiji mpaka kijiji bila ya kuomba ruhusa kwa mtu. Mwaka 1913 akafika hata Algeria, akanasa nyimbo za Waarabu wa Biskra na miji ya karibu, ukiwamo mji wa Sidi Okba lilipo kaburi la Uqba bin Nafi. Matokeo akayachapisha mwaka 1917, wakati Ulaya ilikuwa vitani.

Mwaka 1920 ndio mambo yalipoharibika. Kwa mkataba wa Trianon Hungaria ilinyang'anywa takriban theluthi mbili ya ardhi yake, na Transylvania ikawa ya Romania. Mwaka huohuo makala ya Bartók juu ya muziki wa Waromania wa Hunyad ikatoka kwa Kijerumani. Magazeti ya Budapest yakamvamia. Jenő Hubay, mkuu wa Chuo cha Muziki alichofundisha Bartók mwenyewe, naye akaungana nao. Walimtuhumu kuwa hana uzalendo, eti anawapa hoja maadui. Ilhali makala ile ilikwisha kuchapishwa kwa Kihungari mwaka 1914, kabla ya vita! Mistari ya mipaka ndiyo iliyohama. Makala ilikuwa ileile.

Na je, Waromania walimshukuru? Mwaka 1936 mwanachuoni wao Coriolan Petranu akamshambulia kwa kinyume chake: kwamba anawapendelea Wahungari, kwa sababu alisema baadhi ya sauti za Waromania zilitoka kwao. Bartók alimjibu mwaka 1937, akitumia nyimbo zenyewe kama ushahidi. Mtu yuleyule, daftari lilelile, huku anaitwa haini na huku anaitwa mpendeleaji. Wenye asabia hawakumsamehe kwa kuandika alichokisikia.

Mwishoni mwa mwaka 1936 alikwenda Uturuki, katika nchi ya Adana. Mjini Osmaniye mzee wa miaka 70, Ali Bekir oğlu Bekir, alianza kumwimbia, na wimbo wa kwanza ukatoka unashabihiana na wimbo wa Kihungari. Bartók alishangaa mno. Hakusema Waturuki wameiba wala Wahungari wameiba, bali alitafuta udugu wa zamani kati ya watu hawa. Alisikitika tu kwamba wanawake wengi walikataa kuimba mbele ya wanaume wageni. Hapo simlaumu yeye wala siwalaumu wao. Yeye alitaka daftari likamilike, wao walitaka sitara yao. Lakini pengo hilo alilitaja. Wangapi wetu hutaja mapengo?

Ujerumani ilipokuwa ikihubiri usafi wa damu, Bartók aliihama Ulaya, mwezi wa Oktoba 1940, akaenda Marekani. Huko mwaka 1942 aliandika makala juu ya usafi wa kitaifa katika muziki. Hoja yake ilikuwa kwamba sauti hutoka kwa watu hawa ikaenda kwa wale, kisha hurudi imebadilika na imetajirika, na kwamba mchanganyiko huo ndio ulioneemesha nyimbo za Ulaya ya Mashariki. Sura ya Hujurat, aya ya 13, imekwisha kutueleza kwa nini tulijaaliwa mataifa na makabila: tujuane. Mhungari huyu aliufikia mlango huo kwa njia ya silinda za nta, ilhali sisi tunaoisoma aya hiyo bado twagombana kasida ni ya nani.

Moja simtetei. Alipozipamba nyimbo kwa ajili ya piano, kama zile ngoma za Kiromania za mwaka 1915, sauti zilitoka kwa wapiga ala wa vijijini, na leo kumbi hupiga makofi kwa jina la Bartók peke yake. Lakini kosa kubwa ni la wasikilizaji, kwani majina yamo katika madaftari yake kwa atakaye kuyatafuta. Wanaoimba nyimbo za wazee na kuandika juu yake "wimbo wa asili" tu, bila ya kijiji wala mtu, hawakuacha hata daftari.

Alifariki New York tarehe 26 Septemba 1945. Kitabu chake cha nyimbo za Uturuki hakikuchapishwa mpaka mwaka 1976. Jina la mzee Bekir wa Osmaniye limo, na umri wake umo.